Posa ya Kiingereza Kigumu

Kengeja, Pemba

Kwa Mwalimu Ridha,
Darasa la Jioni la Kiingereza cha Juu

Assalaam alaykum, Mwalimu mwanangu. Baada ya salamu, nakuletea malalamiko yangu kwa adabu, ingawa roho inaniwaka.

1. Binti yangu Zulekha kila siku anarudi kutoka kwako na maneno kumi mapya, yote magumu. Juzi nilimuuliza kama muhogo umeiva. Nilijibiwa kwa neno refu hata chai yangu ikapoa. Mpaka leo sijui kama ulikuwa umeiva. Niliula hivyo hivyo.

2. Hilo ningelivumilia. Lakini mwanafunzi wako mwengine, Talal, ameleta posa ya kumtaka Zulekha, na barua kaiandika kwa Kiingereza hicho hicho. Wazee tulikaa barazani kuisoma mbele ya washenga. Shehe Hija akavaa miwani, akaitazama kwa heshima, akampa Mzee Hafiz. Mzee Hafiz akadhani ni dua, akaitikia amin. Ikanifikia mimi. Ningesemaje, baba wa msomi? Nikatikisa kichwa nikasema tumeelewa, na masharti yote tumeyakubali. Tukala haluwa.

3. Mke wangu Mwatum kila siku ananiuliza tumeandikiwa nini. Namwambia mambo ya kheri. Zulekha angeweza kunisomea, lakini kwetu binti hasomeshwi posa yake mwenyewe. Washenga wanarudi kesho baada ya Alasiri, na mimi sijui mwanangu nimemtoa kwa masharti gani.

4. Kwa hiyo naomba darasa lifungwe. Ikishindikana, kila neno linalozidi pumzi moja lisajiliwe kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu, kabla ya kufundishwa, na vijana ambao hawajaoa wapewe maneno mafupi tu.

Nisalimie wazee wako na wanafunzi wote, isipokuwa Talal. Yeye nitamsalimia mwenyewe nikishajua alichoandika.

Ni mimi mzee wako,
Kificho

Nilisahau: Posa yenyewe nimeikunja humu ndani. Nifasirie kwa Kiswahili cha kwetu, na tafadhali usimwambie mtu. Ikiwa imeandikwa kwamba atampeleka mwanangu ng'ambo, basi darasa usilifunge. Niwekee kiti cha mbele. Nimezoea kuzungumza naye kila siku, na sitaki siku akinipigia simu nibaki kutikisa kichwa.