Kikundi Kikigawanyika, Kiti ni Changu

Jumanne, 4 Juni
Ushirika wa maombi ulikuwa kwa fundi cherehani, kama kawaida. Kiongozi wa kikundi ni yeye, nyumba ni yake, na kiti chenye mikono ni chake. Mimi kigoda, kando ya cherehani, goti likigonga chuma kila nikisema amina. Leo nilikuwa na neno la dakika arobaini. Akanikatisha nikiwa bado kwenye utangulizi, eti na wengine wana mahitaji. Wivu mtupu!

Lakini Jumapili mchungaji alitangaza: kikundi kikizidi watu kumi na watano kitagawanywa, na kipya kitapata kiongozi wake. Tuko kumi na mmoja. Sauti ninayo. Biblia yenye zipu ninayo. Sebule ninayo. Nimepungukiwa watu watano tu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeanza na kinyozi, wembe ukiwa shingoni mwangu. Nikamdokeza kwamba kikundini kuna wanaume wengi wenye nywele ndefu. Macho yakamng'aa. Atakuja na mkewe! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hana kazi. Nikamwambia kuna chai. Akauliza kama kuna biskuti. Nikasema zipo. (Hazipo. Nitanunua mwenyewe.) Fundi bomba hakuwa na pa kukimbilia, maana nilimkuta chini ya sinki letu.

Bado mmoja. Mke wangu akasema mama yake, aliyehamia kwetu mwezi uliopita, angependa kuja. Nikasita. Mama mkwe ana maoni juu ya kila kitu, hasa mimi. Lakini kichwa ni kichwa.

Jumanne, 11 Juni
Kumi na sita! Nilihesabu wakati wa maombi, jicho moja wazi. Fundi cherehani alifurahi, maskini, akakimbilia kwa jirani kuazima viti. Hajui.

Mama mkwe aliombwa afunge kwa sala. Akataka kwanza kila mtu aseme hitaji lake. Mgongo wa kinyozi. Usaili wa shemeji. Macho ya fundi cherehani, kumbe siku hizi hata uzi kwenye sindano anatungiwa na mkewe. Miaka yote nimekaa kando ya cherehani ile na sikujua. Kisha akatuombea mmoja mmoja. Mimi aliniombea nipate ninachokitafuta, na kama hakinifai, Mungu anisahaulishe. Mbele za watu!

Jumamosi, 15 Juni
Mgongo umemlaza kinyozi kitandani. Mke wangu anataka twende tukamwone. Nimemwambia nitakwenda nikipata nafasi. Naipata wapi? Jumanne mchungaji anakuja kutugawa, na mimi niko mbele ya kioo na hotuba ya shukrani. Mama mkwe ameenda na uji, na njiani atampitia fundi bomba, ambaye mkewe amejifungua. Vizuri, sebule imetulia. Nimefika sehemu ya machozi.

Jumanne, 18 Juni
Balaa! Mchungaji hakuuliza nani ana sauti. Hakuuliza habari za sebule. Aliwauliza wageni swali moja tu: wiki hii, nani alikuja kukujulia hali? Kinyozi, mkono kiunoni, akamtaja mama mkwe. Fundi bomba, mama mkwe. Shemeji akasema mama ndiye aliyempigia pasi shati la usaili. Huyo ni mwanawe, hakupaswa kuhesabiwa!

Basi. Kiongozi mpya ni mama mkwe. Mahali pa kukutana ni sebuleni kwangu. Mzee mmoja mkimya wa kikundi cha zamani amehamia kikundi chetu kwa sababu si mbali na kwake. Mimi nimepewa huduma ya viti. Hotuba bado iko mfukoni. Nimeumia, nasema kweli.

Jumanne, 25 Juni
Ushirika wa kwanza nyumbani. Nilipanga viti. Mama mkwe akakalia changu chenye mikono. Mimi kigoda, kando ya mlango.

Akaniuliza nina hitaji gani. Nikafungua mdomo nitoe lile neno la dakika arobaini, likatoka jingine: kwamba nimechoka kuwa mtu wa pembeni. Kinyozi akainuka na mgongo wake ule, akaniwekea mkono begani. Wakaniombea wote. Mama mkwe akasema yeye ananiona, tangu siku niliyomwoa binti yake. Nikalia, na hayakuwa machozi ya kwenye kioo. Nimejifunza unyenyekevu. Nimejifunza kabisa!

Baada ya chai nikahesabu vikombe. Tuko wanane. Wakipatikana wanane wengine, tunagawanyika tena! Kesho naanza na muuza magazeti, anaumwa miguu, hatafika mbali. Mama mkwe naye anasema dada yake mkubwa anahamia mtaa huu, na kwamba kwa maombi huyo dada anamzidi yeye mara mbili. Akauliza kama amlete.

Nimemwambia amlete upesi. Kichwa ni kichwa.