Hatua Saba Kutoka Mlingoti wa Chama

Jumatatu, 4 Machi
Nimedeki ofisi ya tawi. Komredi Katibu akaniita. Kamati inakaa Ijumaa kuamua kama kitinda mimba wangu apewe kadi ya Chama. Yeye Katibu ana wasiwasi: binti kaonekana anasoma hadithi ya maharamia na hazina. Mkomunisti hatafuti dhahabu, kasema. Bila kadi, chuo cha uuguzi ndiyo basi tena. Kitabu chenyewe nilikitoa mimi, kabatini mwa ofisi hiyo hiyo. Hilo sikulisema.

Jumanne, 5 Machi
Nimekificha kwenye pipa la unga. Kumbe jalada la nyuma lina ramani ya penseli! Mlingoti wa bendera, hatua saba kuelekea chooni, alama ya msalaba. Shule niliishia la tatu, lakini msalaba naujua. Nitaifukua hazina, niikabidhi Chama. Nani atamnyima kadi mtoto wangu?

Jumatano, 6 Machi
Hatua saba, patupu. Labda mchoraji ana miguu mirefu. Jirani yangu mshona bendera, ambaye mwanawe naye anaomba kadi, akauliza nafanya nini. Napanda maua ya Chama, nikamwambia. Akauliza maua gani yanataka shimo la kiunoni. Huyo, mbio kwa kamati.

Alhamisi, 7 Machi
Nilijua nimefukuzwa. Wapi! Kamati imesifu kazi ya kujitolea, wakaja na majembe. Katibu peke yake alipinga, ati udongo upumzike. Saa tano jembe likagonga bati. Sanduku! Lakini kwetu hakifunguliwi kitu bila kura. Watatu wakataka lifunguliwe, watatu, Katibu akiwemo, lipelekwe makao makuu likiwa limefungwa. Nikainua mkono kufuta jasho, ukahesabiwa.

Ndani, vitabu vinne vya hazina. Mshona bendera akasoma kwa sauti maandishi ya ndani: “Mali yangu binafsi. Atakayegusa atanitambua.” Chini yake jina la Katibu.

Katibu akatazama mlingoti. “Nilikuwa kijana, makomredi. Siku nilipopewa kadi niliambiwa nivichome. Nikashindwa.”

Ijumaa, 8 Machi
Mwanangu kapata kadi! Katibu mwenyewe ndiye aliyempendekeza. Wa mshona bendera pia kapata, haya. Nimeahidi mbele ya kamati sitachimba tena, na nilikuwa namaanisha kabisa.

Jioni nikavipangusa vile vitabu. Cha tatu, jalada la nyuma: jiko la ofisi, hatua nne kutoka dirishani, msalaba.

Jumatatu nitawaambia sakafu imeingia mchwa.