Ndevu za Mjomba kwenye Somo la Wingu

Leo nimeadhirika. Tena si kidogo, na hakuna wa kumlaumu ila mimi. Nawaandikia ninyi tuliosoma pamoja kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliye Siyu wiki hii. (Nimehakikisha. Nimepitia majina yote ya kundi.)

Mambo yalianza asubuhi. Nilikuwa nakunywa chai kwetu Chundwa, akaingia Mjomba Athmani, mgane wa siku nyingi. Akafunga mlango. Akaufungua tena kuangalia kama kuna mtu nyuma yake. Akaufunga.

"Wazee wenda Siyu Ijumaa," akasema. "Kuniposea Bi Zuhura."

Nilitaka kupiga kigelegele, akaniwahi kwa mkono. Bi Zuhura ni mjane, mshona kofia hodari, na ana kaka wawili watu wa heshima na wepesi wa hasira. "Wakisikia kwa watu kabla ya wazee kufika, watasema dada yao amefanywa mchezo," akaniambia. "Hapo nimemkosa. Usimwambie mtu, mwanangu."

Nikamwapia kwamba mdomo nimeutia kufuli. Akatoka kwa furaha, karibu asahau makubadhi yake mlangoni.

Sasa, kazi yangu ya leo. Kina mama wanaoshona kofia Siyu waliniita niwafundishe kuweka picha kwenye wingu. Wao hupiga picha kila nakshi wanayoshona, ili mteja achague. Simu ikiharibika, nakshi zimekwenda. Mmoja wao, simu yake ilitumbukia kwenye birika la maji la chooni na picha zake zote humo humo. Mmoja huyo ni Bi Zuhura. Ndiyo, alikuwa darasani! Kaketi mbele kabisa, kofia mkononi, sindano inakwenda.

Somo lilianza vizuri mno. (Nilikuwa nimevaa buibui jipya. Mwalimu ni mwalimu.) Nikawaambia wingu hili si la mvua. Ni kompyuta kubwa za watu, ziko nchi za mbali, nawe unapewa nafasi humo uweke vitu vyako kupitia intaneti. Simu ikizama, unachukua nyingine, unaingiza barua pepe yako na neno lako la siri, na vitu vyako unavikuta vilevile.

"Kama dhahabu niliyompa shangazi aniwekee," akasema Bi Rehema, mwenyekiti wa kikundi.

"Hasa!"

"Na shangazi akiivaa harusini?"

Wakacheka. Nami nikacheka, kicheko cha mtu anayejua. "Haivaliki, Bi Rehema. Ufunguo unao wewe peke yako. Mwingine hawezi kuona hata kimoja."

Bi Zuhura akainua macho kutoka kwenye kofia. "Una hakika, Mwalimu?"

"Mia kwa mia!"

Nikaunganisha simu yangu na televisheni ya kikundi kwa waya ili wajionee wenyewe. Mtandao wa huku mnaujua. Picha moja huzunguka mpaka chai ipoe. Leo ulikuwa unakimbia! Nikabonyeza wingu langu, likafunguka lote kwa pamoja, picha mpya zikiwa juu.

Ya kwanza ilikuwa ya Mjomba Athmani.

Kajipiga mwenyewe, simu ameishika chini ya kidevu. Ndevu zimejaa hina mbichi, na juu ya hina kajifunga nailoni mpaka masikioni. Macho kayatoa. Kwenye televisheni kubwa namna ile, tundu za pua peke yake zilitosha kumtisha mtu.

"Huyu si Athmani wa Chundwa?" akauliza mama mmoja nyuma.

Hapo ndipo nikakumbuka. Ramadhani iliyopita nilimfungulia simu yake mpya. Barua pepe hana, na alikuwa na haraka ya kwenda tarawehe. Nikaweka yangu "kwa muda tu," na neno langu la siri. Nikasahau. Kumbe tangu siku hiyo kila anachokipiga Mjomba kinapanda kwangu, na mimi wala siangalii. (Mtaalamu wa kompyuta huyo. Mpigieni makofi.)

Nikataka kufunga. Kidole kilikuwa na jasho, kikateleza kwenye ile ya pili. Video! Sauti juu kabisa!

"Asalaam aleikum, Bi Zuhura," akasema Mjomba kwenye televisheni.

Sindano ya Bi Zuhura ikasimama.

Nikaurukia waya nikauchomoa. Ulikuwa wa feni. Feni ikazima, kelele zake zikaisha, na Mjomba akasikika vizuri zaidi.

"Mimi ni mtu mzima. Mato yangu yaona, meno yangu mengi yapo. Shamba ninalo, mbuzi ninao. Chai nayua kupika." Akakohoa. "Tangu mke wangu alipofariki, nyumba imekuwa kubwa. Ukinikataa sitakasirika. Ila nitasikitika sana." Akatazama pembeni. "Ah, hapo kwenye mbuzi sikusema vizuri. Narudia."

Kumbe alikuwa anajizoeza maneno ya kumwambia. Na akarudia! Safari hii kwa sauti nzito kama ya khatibu.

Nilipoupata waya wenyewe, alikuwa ameshafika kwenye meno mara ya pili. Televisheni ikawa nyeusi. Joto lilianza kupanda humo ndani, nami nilitamani ardhi ipasuke nidumbukie. Nikawawaza wale kaka wawili. Machozi yalikuwa karibu, kusema kweli, maana mtu ameniamini asubuhi, na adhuhuri haijaingia nimeshamwaga kila kitu.

Bi Zuhura akajifunika uso kwa mtandio. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza.

Kumbe anacheka! Alicheka mpaka kofia ikaanguka chini.

Alipotulia akafuta macho, akawageukia wenzake. "Yeo hapa kuna aloona kitu?"

Wakatazamana. "Mimi mato yangu mabovu," akasema Bi Rehema.

"Sisi twashona kofia tu," wakadakia wengine.

"Basi. Wazee na waye Ijumaa, wawakute kaka zangu hawana habari." Kisha akaniangalia mimi. "Nawe Mwalimu, ndoo hapa."

Nikaenda. Akanisogezea simu yake, akashusha sauti.

"Hiyo video, naishushaje niiweke kwangu?"

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika mpaka kwenye ngome ya Siyu. Somo la kushusha video sikuwa nimelipanga, lakini nimelifundisha, na sijawahi kuona darasa likielewa upesi namna ile. Nikaongeza, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba kila mtu awe na barua pepe yake na neno lake la siri, hata kama mjomba ana haraka ya kwenda kuswali.

Jioni Mjomba akanipigia. "Siri ingalipo?"

"Ipo, Mjomba. Yatunzwa vizuri sana." (Na kikundi kizima.)

"Mbona wacheka?"

"Sicheki, Mjomba. Mafua."

Sasa nimeketi namfungulia barua pepe yake mwenyewe. Kabla sijamaliza, imepanda video nyingine: ndevu nyekundu, koti la kuazima. Nimeapa sitaifungua, hayo ni mambo ya mtu na moyo wake. (Safari hii amesema vizuri mno. Nimelia kidogo.)

Haya, chekeni. Ila chekeni kimya kimya, mpaka Ijumaa ipite.