Dirisha la Meli kwa Nasifa

Jumatatu, 7 Julai
Mke wangu Nasifa bado yuko kwao Bulumbi. Harudi mpaka chumba chake cha cherehani kipate dirisha. Kushona gizani kunamuumiza macho. Nyumba imepooza, nazungumza na kuku. Jirani yangu Patroba kanishauri nimchukue fundi wake wa alumini. Alumini! Nasifa anastahili makubwa.

Jumatano, 9 Julai
Nimetoka Majanji, ziwani, wanakovunja meli kuukuu. Nimempatia Nasifa dirisha lake: la duara, fremu ya shaba, na kifuniko cha chuma cha kufunga wakati wa dhoruba. Nimeongezewa taa mbili za ubavuni, nyekundu ya kushoto na kijani ya kulia, ili meli zikikutana gizani zijuane pande. Kuanzia leo mlango wa mbele ni omo, yaani mbele ya meli, na jikoni ni tezi, nyuma yake.

Ijumaa, 11 Julai
Dirisha liko ukutani. Ni dogo kuliko sinia. Kifuniko kimeshikwa na kutu, hakifunguki hata kwa nyundo. Giza limezidi, maana tundu la zamani nimeliziba kwa saruji. Lakini taa zinawaka mlangoni, zinapendeza. Patroba kauliza kama nafungua baa. Wivu tu.

Jumamosi, 12 Julai
Balaa. Foleni ya malori ya mpakani hupita mbele ya nyumba yetu. Jana jioni dereva mmoja, Ekaju, aliona kijani changu, akadhani wamefungua njia mpya ya ukaguzi. Akaingia uani. Wenzake wakamfuata. Nikapiga kelele, akanijibu, “Bosi, kijani ni kijani.” Katika kugeuza, tela lake likabomoa ukuta wa chumba cha cherehani, dirisha na vyote.
Patroba, mbeya yule, akampigia Nasifa simu. Asubuhi mke wangu kafika na bodaboda. Nikajificha nyuma ya tangi la maji. Akasimama kwenye kifusi, jua limejaa chumba kizima, akatunga uzi kwenye sindano. “Jamiru, toka huko,” akasema. “Sasa naona.” Nililia, sijali nani aliniona. Kaniapisha: dirisha la kawaida, basi. Nikaapa.

Jumapili, 13 Julai
Nasifa kaenda kumwita fundi wa Patroba. Mimi ni mtu wa kiapo, dirisha sigusi. Ila chumba cha kulala nacho kina giza, na kule Majanji nilinunua pia kioo cha sitaha, kipande kinene cha kupitisha mwanga hadi vyumba vya chini. Hilo si dirisha. Nimepanda juu ya mabati, nimeshatoboa, juu ya kitanda kabisa. Tundu limekuwa kubwa kidogo kuliko kioo. Mawingu yapo, lakini bado yako mbali, upande wa Tororo.