Viti vya Waithaka na Ziara ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Habari kubwa! Mama mkwe anakuja Jumamosi. Tangu tuhamie hapa Syokimau hajawahi kuingia kwetu. Mutheu, mke wangu, hana raha. Anasema mama akikuta viti viwili vya plastiki na stuli ya jikoni, atarudi Masii akijua binti yake aliolewa na upepo. Aibu hiyo siwezi kuibeba. Nampenda sana huyu mwanamke.

Vyumba vya kulala bado mawe matupu, lakini hilo si neno. Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya wakwe. Mama mkwe hachungulii chumba anacholala mkwewe! Ataona sebule tu. Mila ni kitu kizuri mno.

Jumatano, 6 Agosti

Rangi imetosha kuta tatu. Ule wa nne nitauegemea mimi mwenyewe.

Jirani yangu Waithaka ana sofa za mahameli nyekundu, zenye vitambaa alivyofuma mkewe, Wangu. Majigambo yake! Nimemwambia nina rafiki kwenye viwanda vya EPZ mwenye dawa ya kuosha viti, anaosha bure wikendi hii tu, na pikapu itavichukulia kwangu. Ameingia mzima mzima.

Ijumaa, 8 Agosti

Mutheu amekwenda Machakos mjini kumpokea mama; watalala kwa dada yake. Nafasi ndiyo hii! Tumehamisha viti. Waithaka mwenyewe amebeba kile kizito, akanishukuru. Nimekalia kila kimoja. Kichwa hiki kingefaa kuendesha nchi.

Jumamosi, 9 Agosti

Ameingia! Nimemsalimia kwa mbali, bila mkono, macho chini, mgongo ukutani. Akakaa. Akazama. Akapapasa mahameli, akasema Mungu ni mwema. Mutheu alinikazia macho, lakini mbele ya mama yake angesema nini? Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Jioni mama mkwe akauliza atalala wapi. Nthoni hiyo hiyo! Mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe. Mutheu akajibu kwamba alishapatana na Wangu, kwake kuna kitanda cha wageni. Nikataja hoteli. Nikasema Wangu ana mafua. Hakuna aliyenisikiliza.

Jumapili, 10 Agosti

Mutheu amenisimulia yote akiwa amesimama, maana hataki kukalia viti vile. Wangu alimkalisha mgeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaomba radhi.

"Pole mama, viti Festus amepeleka vioshwe. Huyo mkweo ni malaika."

Mama mkwe akatazama kitambaa juu ya televisheni, pacha wa kile alichoegemea mchana. Akauliza kwa upole kama viti ni vya mahameli nyekundu. Wangu akasema ndivyo. Basi kazi imeanza, akasema mama, kwa maana yeye mwenyewe ameviosha mchana kutwa kwa rinda lake.

Waithaka hakupiga kelele. Alisema tu kwamba aliahidiwa viti safi. Nimeviosha vyote leo, uani, kwa sabuni ya unga, mtaa mzima ukipita kwenda kanisani. Mama mkwe aliangalia kutoka dirishani kwa Wangu. Mgongo bado unaniuma.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama mkwe ameondoka. Nilimuaga nikiwa nyuma ya tangi la maji.

Nilidhani Mutheu atakuwa na hasira, kumbe anacheka peke yake. Anasema mama hakuja kuona viti. Kilichomfurahisha ni asubuhi ya leo jikoni kwetu, yeye juu ya stuli, binti yake juu ya debe, wakicheka mpaka chai ikamwagika. Ameridhika na nyumba yetu. Atarudi Desemba.

Nimeelewa! Mama anapenda jikoni! Na kwetu kuna jiko la makaa tu, bovu mguu mmoja. Sasa, Bartholomew wa ng'ambo ya barabara ana jiko la gesi, lile kubwa lenye oveni. Leo nimemsalimia mara mbili. Nimemdokezea pia kwamba majiko ya aina hiyo yasipobadilishiwa hewa kila Desemba, hulipuka.