Jumamosi Saba Juu ya Matofali

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekalia kiti chenye miguu yake yote minne. Mimi pia nimekaa, ila nimekaa ndani ya gari lisilo na hata gurudumu moja, na nitakueleza kwa nini kosa ni lako.

Niseme mapema kwamba nimesoma mpaka darasa la nne tu. Lakini katika darasa hilo nilikuwa wa kwanza, na mwandiko wangu unasomeka, si kama wa hao wenye digrii wanaoandika utadhani kuku amekanyaga wino. Ukiona kosa la herufi, lisahihishe kimya kimya. Ukiona neno kali, liache hapo hapo, nimelikusudia.

Nina mjukuu wa kike. Ni fundi wa meno. Si yule wa kung'oa, ni yule anayekaa maabara na kutengeneza meno ya kuvaa. Nyumbani tunamwita Milimita, kwa sababu hata mkate anaukata kama anakata mbao za mlango. Milimita ana kigari kifupi chekundu, nyuma kimekatwa ghafla, na mlango wake wa nyuma unafunguka kwenda juu kama kifuniko cha birika. Ukikitazama kimesimama utadhani ni cha kubebea mayai. Akikanyaga mafuta, unaungama dhambi zako zote kabla ya kona ya kwanza. Mimi nakipenda sana. Hapana, futa hapo. Nimekizoea.

Sasa malalamiko yangu ni haya, na nimeyapa namba ili usije ukasema hukuelewa.

1. Wiki saba na siku chache zilizopita, siku ya Jumapili, uliandika kwamba rimu za kiwandani ni viatu vya shule, na mtu mzima anajichagulia vyake. Ni maneno yako, ninayo hapa, nimeyakata kwa mkasi. Milimita aliyasoma akinywa chai. Chai haijapoa, alishampigia simu dereva mmoja wa teksi aliyekuwa akizitamani zile rimu zake. Saa kumi jioni teksi iliondoka nazo, matairi na kila kitu, na kigari chetu kikaachwa juu ya matofali kumi na sita, manne kila pembe. Nikamuuliza, haya, mpya ziko wapi? Akanijibu, "Bibi, bado nachagua." Mhariri, mtu mwenye akili zake anavuaje nguo barabarani kabla hajashika nyingine mkononi? Huyu ni mtoto anayepima mara tatu kabla ya kumwaga maji ya chai. Kosa kama hilo ni la mlevi, na yeye hanywi. Amelewa ukurasa wako.

2. Meno yangu, ya juu na ya chini, ishirini na nane kwa jumla, alinitengenezea yeye. Alinipa nta niing'ate, nikang'ata. Akanitazama usoni, akachagua rangi, akaenda zake. Siku ya tatu nilikuwa natafuna ganda la mkate na kumsema mkwe wangu kwa wakati mmoja. Meno ishirini na nane, siku tatu. Rimu nne, zote zinafanana, wiki saba na bado. Piga hesabu mwenyewe, mimi nikiipiga presha inapanda.

3. Ile nta ya kung'atisha watu, siku hizi inang'atishwa breki. Simtanii mtu. Jirani yetu ni fundi wa magari, tunamwita Mzee Spana, naye anamuazima Milimita rimu moja moja za kujaribia. Basi Milimita anabandika nta juu ya breki, anafunga rimu, anaizungusha, anaifungua, kisha anapima unene wa nta iliyobaki. Juzi ilibaki milimita mbili na nusu. Mzee Spana akasema, "Inatosha, mwanangu, hata kwenye mashindano inatosha." Akajibu kwamba anataka tatu. Tatu! Mbili na nusu hizo hata mimi nisingeziona kwa miwani yote miwili. Tena rimu zenyewe anazipima uzito. Anapanda kwenye mizani ya bafuni ameikumbatia rimu, anasoma, anashuka, anapanda tena peke yake, anatoa. Wiki ya pili aligundua kwamba ameongezeka kilo mbili yeye mwenyewe, akasema rimu imeharibu mizani.

4. Hili la nne nimelifuta. Mkwe wangu alilisoma akasema linaweza kunipeleka mahakamani.

5. Nyumbani kwetu tuna utaratibu. Jambo lolote zito linaletwa kwenye kikao cha Jumapili, pale sebuleni, kila mtu anasema neno lake, na neno la mwisho ni langu kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Tumejadili pale ndoa mbili, upasuaji mmoja na choo kipya, na hakuna kilichovuka Jumapili moja. Rimu zimekula Jumapili saba. Milimita alibandika picha zako mlangoni mwa kabati langu, zile ulizozipanga kama wachumba. Mkwe wangu akataka nyeupe. Akaambiwa nyeupe zinaonyesha vumbi la breki. Nikauliza, kumbe breki zinatoa vumbi? "Ndiyo, Bibi." Miaka yote hii navutishwa vumbi la breki na hakuna aliyeniambia! Mwanangu, baba yake Milimita, mtu ambaye hajawahi kuchagua hata rangi ya soksi zake, akasimama akasema anataka nyeusi, za mikono mitano kama nyota. Akaambiwa ni nzito, zitalifanya gari liwe zembe kwenye kona. Akakaa. Kisha akamwambia mkewe kwamba hizo nyeupe zake zinafanana na sahani za hospitali, na mkewe akamjibu kwamba za kwake zinafanana na roho yake. Hawakusemeshana mpaka Jumatano. Watu wa miaka thelathini ndani ya ndoa, Mhariri, wamegombanishwa na picha zako.

6. Hapa sasa uache mzaha, nami nitauacha kidogo.

Nina dada, mkubwa wangu, naye tunamwita hivyo hivyo, Dada Mkubwa. Tulizaliwa saba. Tumebaki wawili. Mambo ya mama yetu, alivyokuwa akicheka huku amefunika mdomo, hakuna mwingine duniani anayeyakumbuka isipokuwa mimi na yeye, na yeye ndiye anayeyakumbuka vizuri. Anakaa ng'ambo ya kilima. Kwa Milimita ni dakika ishirini. Kwa basi ni mabasi mawili na ngazi ambazo magoti yangu yamezikataa. Simu haitusaidii. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo kuzungumza naye kwa simu ni kama kugombana na mtu aliye kisimani. Nimemsihi miaka kumi aje alale kwangu walau wiki moja, anasema hawezi kulala nyumba ambayo hajui taa inawashwa wapi. Mkaidi. Sijui alirithi wapi.

Basi kila Jumamosi, saa nne asubuhi, anatoa kiti chake mlangoni. Masikio hayo hayo yasiyosikia simu yanaisikia injini ya Milimita kabla hatujaingia mtaani kwake. Ananyanyuka kabla hatujafika. Kwa Jumamosi saba sasa anatoa kiti, anakaa mpaka saa saba, anakirudisha ndani. Jirani yake ndiye aliyetuambia. Tumeshampigia kumweleza kwamba gari halina magurudumu. Anajibu kwamba hajasikia vizuri, na kiti anakitoa.

Milimita akaniambia nipande teksi. Nikamwambia, ile yenye rimu zako? Jumamosi ya pili yake Mzee Spana akajitolea kunipeleka kwa gari lake. Lilizima mtaa wa pili tukarudi tunalisukuma, yaani yeye anasukuma na mimi nashika usukani kwa mara ya kwanza maishani, na sikugonga kitu, liandike hilo.

7. Aibu. Kila Jumamosi mimi navaa nguo yangu nzuri, nachukua mkoba, naingia ndani ya kigari, nafunga mkanda. Sijachanganyikiwa. Nataka Milimita anione kila akipita na rula yake. Lakini wanaoniona zaidi ni wapita njia. "Safari njema, Bibi!" "Bibi, punguza mwendo, kuna watoto!" Jumamosi iliyopita muuza magazeti aliinama dirishani akaniuliza kama naelekea njia yake, akaweka gazeti lako mapajani mwangu na kuondoka anacheka. Na mimi nimekaa hapo, sina la kufanya, nikalifungua. Nikasoma ukurasa wako wote. Kwa maana hiyo unanitesa, kisha unanifundisha kwa lazima.

Kwa sababu hizo zote ninaomba, kwa heshima na bila kubembeleza:

Kwanza, uache kuchapa picha za rimu. Ukilazimika, chapa kwa penseli.

Pili, uwaandikie wakubwa huko itungwe sheria kwamba mtu asiuziwe rimu mpaka aje na bibi yake. Asiye na bibi aazime. Bibi atauliza maswali matatu tu: za zamani ziko wapi, nani anakusubiri, na kwa nini hujaondoka bado?

Tatu, kwa kuwa sheria zinachelewa, na Jumamosi ya nane haichelewi, uje wewe mwenyewe. Uje na gari lako, ulipandishe kwenye matofali yetu, mengine tunayo nyuma ya nyumba, ufungue rimu zako nne uzifunge kwenye kigari chetu. Ziwe za matundu matano ya nati. Ziwe inchi kumi na saba. Ukileta kumi na nane za tairi jembamba, kila shimo la barabarani nitalihesabu kwa uti wa mgongo. Upana saba na nusu. Ofseti, yaani kiasi rimu inachoingia ndani, iwe arobaini na tano, usinidanganye na thelathini na tano, zitatokeza nje na kukwaruza bati tukikata kona tumejaa. Tundu la katikati likiwa kubwa, njoo na pete zake za kujazia, la sivyo usukani utatetemeka. Wewe utabaki hapa umekaa kwenye gari lako juu ya matofali mpaka Milimita achague. Tutakuletea chai. Watu watakutakia safari njema.

Hayo si mengi kwa mtu aliyeanzisha moto huu.

Nisalimie mke wako, na mama yako mzazi hasa, mwambie nampa pole. Nisalimie wote wa ofisini, anayepiga chapa, anayefagia, na huyo mpiga picha wenu anayelala chini kupiga rimu jua likizipiga kwa pembeni. Mwambie anajua kazi yake. Mwambie aache.

Hapa naweka kalamu, hasira naibakiza.

Ni mimi,
Bibi yake Milimita,
kiti cha mbele, upande usio na usukani.

Nyongeza: Barua hii ilikaa siku kumi ndani ya mkoba wangu, na katika siku hizo mambo yamesogea kidogo.

Milimita aliisoma bila ruhusa. Alipofika kwenye namba sita akatoka nje, sikumwuliza amekwenda wapi. Ijumaa jioni alirudi na matairi na rimu za rangi ya fedha, za kawaida, zile zile zilizokuwa za kwanza kwenye orodha yake tangu wiki ya kwanza. Hakupima kitu. Mzee Spana alizifunga, na Jumamosi saa nne kasoro tukakunja mtaa wa Dada Mkubwa. Alikuwa ameshasimama.

Hakunisalimia kwanza. Alilizunguka gari mara mbili, akainama, akapitisha kidole kwenye rimu, akaniuliza, "Wiki saba, mdogo wangu, kwa vifuniko hivi vya sufuria?" Nilijaribu kumweleza habari za ofseti, hakusikia. Akaingia ndani, nikadhani amekasirika, akatoka na begi. Akasema sisi hatuwezi kuachiwa jambo kama hili, lazima aje mwenyewe kwenye kikao.

Sasa yeye ndiye mkubwa, neno la mwisho limehamia kwake, na hilo tutakuja kulizungumza siku nyingine. Rimu za fedha zimerudishwa, mwenye duka amezipokea, na kigari kiko tena juu ya matofali. Niliyapanga mwenyewe. Dada Mkubwa anataka za rangi ya dhahabu, zenye mikono mingi myembamba. Mimi nataka zile za shaba za mikono kumi, ulizochapa ukurasa wa kumi na nne, kushoto, chini. Zake zinapiga kelele, zangu zinaongea. Milimita anakwenda kazini kwa miguu, analia kwamba achaguliwe zozote tu, hata za mbao.

Dada Mkubwa hawezi kurudi kwake mpaka gari lipate magurudumu, na basi hapandi. Amekwishajua taa inawashwa wapi. Usiku analala upande wa ukutani, kama zamani, na mchana tunakaa ndani ya kigari, yeye mbele, mimi nyuma, tunabishana juu ya picha zako na kucheka mpaka matofali yanacheza. Anacheka amefunika mdomo.

Kwa hiyo yale maombi matatu yaache. Chapa picha zaidi, kubwa zaidi, dhahabu na shaba ziwe ukurasa mmoja. Na kuhusu kutujibu ipi inafaa, Ndugu Mhariri, tafadhali usiharakishe.