Kumficha Ornella

Jumatatu, 9 Juni, Butembo
Phinées, kocha wa wasichana wa Beni, anakuja Jumamosi kumtazama Ornella, pivo wetu. Akimpenda atamchukua, na klabu yake itamsomesha. Shangazi yake, Kavugho, hana tena uwezo wa kumweka shuleni. Naelewa. Lakini mimi nitabaki na wafupi. (Pivo ni yule mrefu wa chini ya kikapu, anayegombea kila mpira unaorudi.) Phinées nilimfundisha fizikia. Hakuelewa kitu. Sitashindwa naye.

Jumanne, 10 Juni
Nimempima Ornella upya. Mikono mirefu. Haruki mapema, anangoja mpira uanze kushuka. Akigeukia kulia, hazuiliki. Kushoto bado. Basi, yote hayo yafichwe. Nimemwambia Jumamosi asiruke wala asirushe mpira kikapuni. Akauliza sababu. Nikamweleza kwa utulivu kwamba ni zoezi la nidhamu. Akaitika, “Ndiyo, Papa Prof.” Aibu ilinigusa. Nikajifanya sikuihisi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimempigia Phinées simu. Nimemweleza polepole kwamba mtoto aliyezoea baridi na ukungu wa Butembo, akishuka Beni, joto litammaliza kabla ya mapumziko. Nikaongeza sayansi ya jasho. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema: “Mais Papa Prof, huyu mutoto alikomalia Kasindi. Kule joto inapita ya Beni.”
Nimekuwa naye miaka miwili. Sikuwahi kumuuliza alikokulia.

Jumamosi, 14 Juni
Ornella alitii. Hakuruka, hakurusha. Kila mpira uliomfikia aliutoa: nyuma ya mgongo, chini ya mikono ya wapinzani, moja kwa moja kwa mwenzake aliyeachwa peke yake. Wafupi wangu walifunga mpaka wakashangaa wenyewe. Kumbe anaona uwanja wote! Na mimi kila siku nilikuwa namwambia arushe tu.
Phinées alinishika kwa mikono miwili. Alisema pivo warefu ni wengi, wenye kuwaachia wenzao mpira hapana, na kwamba malezi kama haya ni kazi ya mwalimu wa kweli. Kisha Ornella akaniuliza, mbele ya watu wote, kama zoezi la nidhamu amelifaulu.


Jumapili, 15 Juni
Mama Kavugho amenijia baada ya ibada na jogoo. Alisema Mungu anilipe, mtoto atasoma. Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini ukweli unahitaji maelezo marefu, na jogoo alikuwa amekwisha fungwa miguu.
Nilimla kwa haya kubwa. Alikuwa mtamu.

Jumatano, 18 Juni
Ornella ameondoka asubuhi. Alinipungia mkono, sikustahili.
Nimesikia kocha wa Oicha anakuja wiki ijayo kumtazama Katungu, mrefu kuliko wafupi wangu wote, ambaye sasa ndiye pivo wangu. Nimenunua bandeji ya goti. Goti lake ni zima kabisa, lakini bandeji, ukiifikiria vizuri, haisemi uongo. Inafunika tu.